Vitabu vya picha kuhusu mapigano ya Napoleon na sare za majeshi: nianze na kipi?

Msomaji wa Ngara

Habari zenu nyote. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya vita vya Napoleon, hasa miaka kumi iliyoanzia Austerlitz mwaka 1805 na kuishia Waterloo mwaka 1815, na nimefika mahali ambapo maandishi matupu hayanitoshi. Mwandishi anapoeleza kwamba jeshi moja lilipanda mwinuko na kulikata jeshi la adui katikati, nabaki nikijiuliza mwinuko huo ulikuwa mkali kiasi gani, adui alikuwa akitazama upande upi, na kwa nini hakuwaona waliokuwa wakimjia. Ni wazi kwamba ninahitaji vitabu vyenye ramani na picha, na hapo ndipo maswali yangu yanapoanzia.

Nilinunua vitabu viwili vya zamani kwa wauzaji wa inama, wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara, Barabara ya Tom Mboya. Vyote viwili vina picha za rangi zilizochorwa kwa ustadi mkubwa, lakini havikubaliani. Kimoja kinamwonyesha askari wa miguu wa Ufaransa wa mwaka 1807 akiwa na koti la buluu. Cha pili kinamwonyesha askari wa mwaka huo huo akiwa na koti jeupe, ambalo kwa nilivyosoma ni vazi la Waustria. Je, mmoja wa wachoraji amekosea, au kuna jambo ambalo vitabu vyenyewe havikunieleza? Na kwa jumla, msomaji wa kawaida atajuaje kama picha iliyo mbele yake imetokana na ushahidi au imetoka kichwani mwa mchoraji?

Jambo la pili ni la mfuko. Vitabu vya aina hii vinapoagizwa kutoka ng'ambo huwa ghali, kwa hiyo siwezi kununua kila kinachosifiwa. Ningeshukuru kuelezwa nianze na kipi, kipi kinaweza kungoja, na kama kuna mahali hapa Nairobi au kwenye intaneti ninapoweza kutazama picha nzuri kabla ya kutoa pesa. Kiingereza nasoma bila shida, na Kifaransa kidogo.

Mpenda Ramani

Karibu sana, ndugu yangu. Suala la koti jeupe nitamwachia Fundi wa Kariokor, ambaye ndiye mjuzi wa nguo kati yetu, lakini la mwinuko nitalijibu mimi, kwa sababu naona unazungumzia Pratzen, mwinuko ulio katika uwanja wa Austerlitz.

Tarehe 2 Desemba 1805, Napoleon alikuwa na askari takriban 73,000, na mbele yake walikuwepo Warusi na Waustria wapatao 85,000. Kwa makusudi aliuacha ubavu wake wa kulia ukiwa dhaifu, kando ya kijito cha Goldbach na vijiji vya Telnitz na Sokolnitz, ili adui ashawishike kushuka kutoka mwinuko wa Pratzen na kwenda kuushambulia. Adui alishuka kweli. Wakati huohuo, divisheni mbili za Marshali Soult, moja ya Saint-Hilaire na nyingine ya Vandamme, zilikuwa zimetulia bondeni zikiwa zimefunikwa na ukungu mzito wa asubuhi, na zilipoanza kupanda mnamo saa tatu, sehemu kubwa ya waliokuwa juu ilikuwa imekwisha kuondoka. Ule ubavu dhaifu nao haukuvunjika, kwa kuwa askari wa Davout, marshali mwingine wa Napoleon, walikuwa wamefika baada ya kutembea zaidi ya kilomita 100 kutoka upande wa Vienna kwa muda wa siku mbili hivi.

Ukiyasoma hayo bila ramani utadhani Pratzen ni mlima. Si mlima hata kidogo, bali ni mwinuko wa pole, na upole huo ndio siri ya ushindi, kwa sababu maelfu ya watu waliweza kuupanda kwa chini ya nusu saa wakiwa bado wamejipanga, hawajatawanyika wala hawajaishiwa pumzi. Ramani isiyokuwa na kontua, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, haiwezi kukuonyesha jambo hilo. Kwa hiyo, unapofungua kitabu, tazama kwanza kama ramani zake zina kontua na kipimo cha umbali, kisha tazama kama pigano moja limepewa ramani kadhaa, kila moja ikiwa na saa yake. Ramani moja iliyojazwa mishale ya kutwa nzima huchanganya asubuhi na jioni, na msomaji hutoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Ushauri wangu ni kwamba pesa yako ya kwanza iende kwenye ramani. Kitabu ninachokipendekeza ni kile cha Esposito na Elting, kilichotokana na mafunzo ya chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1964. Ni kitabu kikubwa, kila ramani inatazamana na ukurasa wa maelezo yake, na sijapata kingine kinachofuatilia safari za majeshi hatua kwa hatua kwa uwazi wa namna hiyo. Nakala za zamani hupatikana. Baada ya hapo, tafuta vitabu vyembamba vya Osprey, kampuni ya Uingereza ya vitabu vya kijeshi, vinavyoshughulikia pigano mojamoja, ambavyo ramani zake nyingine huchorwa kana kwamba unatazama uwanja ukiwa angani. Hizo ndizo zinazomsaidia mtu ambaye bado hajazoea kusoma kontua.

Tahadhari moja kuhusu Waterloo. Vitabu vingi huweka picha ya uwanja kama ulivyo leo, na katikati yake kunaonekana kilima kikubwa chenye sanamu ya simba juu. Kilima hicho hakikuwepo siku ya vita. Kilikamilika mwaka 1826, kina urefu wa mita 40 hivi, na udongo wake ulichimbwa kwenye mgongo uleule wa ardhi ambao Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, aliutumia kuwaficha askari wake dhidi ya mizinga ya Ufaransa. Anayetazama picha ya leo na kujiuliza Wellington alijificha wapi ana haki ya kuuliza, maana sehemu ya jibu ilibebwa na kurundikwa kwenye kilima. Kitabu kinachoweka picha hiyo bila kueleza jambo hilo kinampotosha msomaji.

Fundi wa Kariokor

Asante kwa kunitaja, Mpenda Ramani. Msomaji wa Ngara, wachoraji wako wote wawili wako sahihi. Mwaka 1806 iliamriwa kwamba askari wa miguu wa Ufaransa waanze kuvaa makoti meupe, kwa sababu nili, ambayo ndiyo iliyotoa ile buluu nzito, ilitoka ng'ambo, na manowari za Uingereza zilikuwa zimeibana biashara ya baharini hata bidhaa hiyo ikaadimika na kupanda bei. Vikosi kadhaa vilipata makoti hayo na kuingia nayo katika kampeni ya mwaka 1807. Nguo nyeupe ilichafuka upesi na kuonyesha damu kwa namna ambayo buluu haikuionyesha, na mpango huo ukaachwa kabla haujaenea jeshi zima. Kwa hiyo mwaka 1807 kulikuwa na Wafaransa wa buluu na Wafaransa weupe katika jeshi moja. Kitabu kizuri kingekueleza hayo chini ya picha, na kama hakikueleza, hilo ndilo kosa lake.

Mimi nashona sare za bendi na za shule, na macho yangu huenda kwenye mshono kabla ya uso wa mtu. Nikupe kipimo ambacho utaweza kukitumia ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Tazama kifua cha koti la askari wa miguu wa Ufaransa. Hadi mwaka 1812, zile pande mbili nyeupe za kifuani zilikatwa kwa mviringo na kuachana kadiri zinavyoshuka, hivi kwamba kizibao cheupe kilionekana tumboni, na mikia ya koti ilikuwa mirefu. Kanuni mpya za mwaka 1812, zilizoandaliwa na Bardin na kuchorewa picha na Carle Vernet, zilileta koti lenye mikia mifupi, ambalo pande hizo zinakutana na kufungwa kwa mstari ulionyooka hadi kiunoni. Basi ukiona picha ya Austerlitz yenye koti lililofungwa hadi kiunoni, mchoraji amenakili kanuni za miaka saba baadaye. Na ukiona jeshi linaingia Urusi katikati ya mwaka 1812, kila mtu akiwa na koti fupi jipya, tia shaka vilevile, kwa maana amri ilikuwa imetoka lakini nguo zenyewe zilikuwa hazijawafikia wengi wao.

Kwa upande wa Uingereza kuna alama nyingine nzuri. Vikosi vitatu vya walinzi wa mfalme vilitofautishwa kwa mpangilio wa vifungo: kikosi cha kwanza kilikuwa na kifungo kimojakimoja, cha pili viwiliviwili, cha tatu vitatuvitatu, na mpangilio huo unafuatwa hadi leo. Rangi nyekundu yenyewe haikuwa moja. Koti la askari wa kawaida lilitiwa rangi iliyotokana na mizizi ya mmea, ikatoa wekundu wa matofali, ilhali koti la afisa lilitiwa rangi ya wale wadudu wadogo wanaoishi juu ya mipungate, ikatoa wekundu mkali unaong'aa. Mchoraji anayewapa afisa na askari wake wekundu uleule hajagusa kitambaa cha wakati ule. Wekundu huo tumeurithi pia, na yeyote aliyetazama gwaride la Siku ya Jamhuri ameuona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Mpenda Ramani kwa heshima zote. Yeye anaziweka sare nyuma ya ramani, kana kwamba ni pambo. Magobori ya wakati ule yalitumia baruti nyeusi, na baada ya mizunguko michache ya risasi uwanja ulijaa moshi mzito, kamanda akawa hana njia nyingine ya kumtambua mwenzake ila rangi ya koti na umbo la kofia. Jioni ya Waterloo, Waprusi walipofika upande wa shamba la Papelotte, waliwafyatulia risasi askari wa Nassau, dola ndogo ya Ujerumani, waliokuwa wa upande wao, kwa sababu sare za Nassau zilifanana na za Wafaransa. Ramani itakuonyesha Waprusi walipita wapi, lakini haitakueleza kwa nini walifyatua. Kwa jambo hilo unahitaji picha ya nguo.

Kuhusu wachoraji wa kuaminiwa, mbele kabisa namweka Lucien Rousselot, Mfaransa aliyetumia miongo mingi kuchora jeshi la Napoleon ukurasa kwa ukurasa, akieleza kila kifungo na kila mshono. Vitabu vyake ni ghali mno, kwa hiyo vitazame kwanza. Liliane na Fred Funcken, wachoraji wa Ubelgiji, walitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 vitabu viwili kuhusu sare na silaha za wakati wa Napoleon. Vina mamia ya michoro midogo iliyopangwa vizuri, bei yake ni nafuu, na Kifaransa kidogo ulicho nacho kitatosha. Vina dosari hapa na pale, lakini kwa mwanzo sijui vinavyovizidi. Kwa Waingereza, mtafute Charles Hamilton Smith, aliyekuwa mwanajeshi na akachora sare za jeshi lake kati ya mwaka 1812 na 1815, wakati zilipokuwa zikivaliwa. Kwa Wajerumani yupo Richard Knötel.

Vipo pia vitabu vya Osprey vya mfululizo wa sare, ambavyo kwa kawaida huwa na kurasa 48 na picha nane za rangi za ukurasa mzima. Wengi hawajui kwamba kampuni hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya kampuni ya chai ya Brooke Bond, ileile iliyokuwa na mashamba Kericho, baada ya kadi za picha za ndege za kivita zilizowekwa ndani ya pakiti za chai kupendwa na watu. Katika mfululizo huo natafuta zaidi kazi za Bryan Fosten, kwa sababu anachora nguo iliyovaliwa: magoti yaliyochakaa, kofia iliyofunikwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ili mvua isiiharibu, suruali pana ya kitani badala ya ile nyeupe ya gwaride. Jeshi lililo safarini lilivaa hivyo.

Mwalimu wa South B

Nimefurahia maelezo ya Fundi. Ningependa kuongeza jambo kuhusu zile picha kubwa za rangi ya mafuta ambazo vitabu vingi huzitumia kujaza kurasa, kwa sababu ndizo zinazokaa akilini mwa msomaji kwa muda mrefu.

Mwulize kila mchoraji swali moja: alikuwa wapi tukio lilipotokea? Jacques-Louis David alimchora Napoleon akivuka milima ya Alps juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, lakini katika safari hiyo ya mwaka 1800 Napoleon alipanda nyumbu. Ernest Meissonier, ambaye picha yake ya mwaka 1864 inayomwonyesha Napoleon akirudi nyuma mwaka 1814 imo karibu katika kila kitabu, alizaliwa mwaka 1815. Alijitahidi sana, hata akashonewa koti la kijivu mfano wa lile la Napoleon ili alichore vizuri, na nguo zake zinaaminika, ila si shahidi. Lady Butler, mchoraji wa Uingereza, alichora kikosi cha farasi wa kijivu wa Uskoti wakija kwa kasi ya ajabu pale Waterloo. Picha ni ya mwaka 1881, na farasi wa kweli siku ile walikuwa wakipita katikati ya askari wenzao kwenye ardhi iliyolowa mvua ya usiku kucha, wasiweze kukimbia namna hiyo. Kinyume chao ni Louis-François Lejeune, aliyekuwa afisa katika makao makuu ya Marshali Berthier. Yeye alikuwepo Borodino, Urusi, tarehe 7 Septemba 1812, kisha akalichora pigano hilo. Watu wake ni wadogo, hakuna shujaa anayeijaza picha nzima, na uwanja unaonekana hadi mbali. Kitabu chenye picha za Lejeune zilizochapwa vizuri nitakipa nafasi kabla ya chenye Meissonier kumi.

La pili linatuhusu sisi zaidi. Vitabu vingi vya picha vinaishia Ulaya, na Afrika hupata kurasa chache za Misri zenye piramidi na Wamamluki, wapanda farasi waliokuwa wakiitawala Misri. Tafuta vinavyokwenda mbali zaidi. Agosti 1810, huko Grand Port, kisiwani Mauritius, Wafaransa waliwapiga Waingereza baharini, na manowari nne za Uingereza zikateketezwa au kutekwa. Ndilo pigano pekee la majini lililoandikwa katika lango kuu la ushindi la Paris, ingawa Desemba mwaka huohuo Waingereza walikitwaa kisiwa chote. Hii ni bahari yetu. Kisiwa hicho ndicho kilichokuwa kikinunua watumwa Kilwa, tangu mkataba wa mwaka 1776 kati ya Morice, mfanyabiashara Mfaransa, na Sultani wa Kilwa. Napoleon mwenyewe, akiwa Misri mwaka 1799, alimwandikia mtawala wa Muscat.

Natafuta pia vitabu vinavyowaonyesha watu weusi waliokuwemo ndani ya vita hivyo. Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, aliyezaliwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo sasa ni Haiti, mwaka 1762 na mama mtumwa, aliongoza wapanda farasi wa Ufaransa huko Misri. Uingereza ilikuwa na vikosi vya askari weusi katika visiwa vya Karibi. Na tarehe 18 Novemba 1803, pale Vertières, jeshi la watumwa waliojikomboa lililishinda jeshi la Napoleon na kuifungulia Haiti mlango wa uhuru, miaka miwili kabla ya Austerlitz. Kitabu cha picha kinachodai kuyaeleza majeshi ya zama hizo na kukosa hata ukurasa mmoja wa Haiti hakijakamilika, hata kiwe na karatasi nzuri namna gani.

Msomaji wa Ngara

Nawashukuru nyote, na hasa wewe, Fundi. Jana nilivifungua tena vitabu vyangu na kuvitazama vifua vya makoti, nikaona kwamba kile chenye koti jeupe kimefuata sawasawa mtindo wa kabla ya mwaka 1812, na kile cha buluu vilevile. Nimeamua kuanza na ramani, kisha Funcken. Limebaki swali la mahali pa kutazama bila kulipa, na la namna ya kukagua nakala iliyokwishatumika.

Mpenda Ramani

Kwenye intaneti, anza na mkusanyiko wa Vinkhuijzen ulio katika Maktaba ya Umma ya New York. Vinkhuijzen alikuwa daktari wa Uholanzi aliyekusanya picha za sare za mataifa yote, na makumi ya maelfu ya picha hizo sasa yanatazamwa bure. Utawapata Wafaransa wa mwaka 1806 na Waustria wa wakati huo wakiwa mahali pamoja. Ukimaliza, tazama mkusanyiko wa kijeshi wa Anne S. K. Brown ulio Chuo Kikuu cha Brown, halafu Gallica, maktaba ya kidijitali ya taifa la Ufaransa. Kwa vitabu vya Kifaransa vya kushika mkononi, ulizia maktaba ya Alliance Française hapa mjini. Kwa vya Kiingereza vya zamani, pita maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda.

Kuhusu nakala za inama, usilipe kabla ya kuhesabu picha. Kitabu cha sare huorodhesha picha zake za rangi mwanzoni au katika kurasa za maelezo za mwisho, na zile za Osprey hupewa herufi kuanzia A, kwa kawaida hadi H. Zifuate moja baada ya nyingine, kwa sababu kuna wanaozing'oa ili kuzitia kwenye fremu, na kitabu kikabaki na jalada zuri na maandishi peke yake. Kitabu cha Esposito na Elting nacho kikague kwenye mshono wa katikati: ni kizito, na nakala nyingi zimeachia kurasa za mwisho, ambazo ndizo zenye ramani za Waterloo.